Viti vya Mama Nyberg

Gaudiosa alipoambiwa kwamba mama wa Soshali angefika kwake Alhamisi mchana, hakujiuliza atamwambia nini. Alijiuliza mgeni atakula nini. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, nami simlaumu, maana ndivyo alivyolelewa kwao Bukoba: mgeni haondoki na njaa, hata kama mwenyeji atalala nayo.

Soshali ndiyo ofisi ya mji iliyomlipia kodi na chakula tangu mgongo ulipomgomea. Alikuwa amekuja Stockholm kusomea uuguzi, akapata mimba, masomo yakakatika. Gervas, baba wa mtoto, alirudi nyumbani na habari zake zikaishia hapo. Gaudiosa akasafisha vyumba vya hoteli mwaka baada ya mwaka, mpaka asubuhi moja akainama kutandika kitanda na kuinuka ikawa vita. Sasa ilikuwa baridi ya mwaka 1976, naye na binti yake Leokadia waliishi chumba kimoja pale Södermalm, katika jumba kuukuu ambalo choo chake kilikuwa uani. Mama wa Soshali alikuja kuona kwa macho yake kama msaada uendelee. Usipoendelea, wangetolewa chumbani.

Mtu mwingine mwenye akili zake angeficha hata sukari. Gaudiosa akaenda kuazima.

Rafiki yake Clementina alikuja na treni ya chini ya ardhi kutoka Hjulsta, pembezoni mwa mji, kabeba kitambaa cha meza, pazia, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu na kuku mzima. Akavitua, akashika kiuno.

"Dada yangu, mficha uchi hazai. Mwache aone hilo dirisha uliloliziba kwa tambara."

"Mgeni wangu akute tambara? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Utauweka nje kwenye theluji, wakikutoa humu!"

Alisema hayo huku akimkatakata yule kuku. Ndivyo alivyo Clementina: mdomo unakataa, mikono inasaidia.

Vikabaki viti. Gaudiosa alikuwa na kigoda kimoja tu, na mtoto alizoea kula akiwa kitandani. Akashuka kwa Mama Nyberg, kikongwe wa Kiswidi wa ghorofa ya chini, mjane aliyeishi kwa pensheni. Leokadia alimwita *tant*, kama watoto wa huko wanavyowaita mashangazi. Mama Nyberg akampa viti viwili vya mbao, vya rangi ya buluu.

"Chukua, chukua. Ninavyo vingine."

Alhamisi ikafika. Mama wa Soshali kumbe alikuwa msichana tu, jina lake Birgitta. Chumba kilinukia vitunguu na iliki. Aliketi kwenye kiti cha buluu bila kuvua koti, akatazama vikombe, akatazama pazia, akamtazama kuku.

"Umepata kazi, Gaudiosa?"

"Bado. Karibu chakula."

"Asante, nikiwa kazini siruhusiwi." Akatoa kalamu. "Naona hali yako ni nzuri kuliko nilivyodhani."

Ulimi wa Gaudiosa ulikuwa na Kiswidi cha kutosha kugombana na wasimamizi wa hoteli, lakini ulishindwa kutamka kwamba hana kitu. Aliketi akitabasamu kama bibi harusi, na ndani anaungua.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Nyberg, sahani mkononi, na juu yake viazi viwili na kipande cha samaki wa siki.

"Samahani, mwanangu. Nilidhani mgeni ameshaondoka. Nimejaribu kula nimesimama, miguu haitaki. Naomba kiti kimoja tu."

"Si ulisema unavyo vingine?"

Kikongwe akaitazama sahani yake. "Nilisema."

Gaudiosa alimwona bibi yule na viazi vyake, akajiona mwenyewe. Aibu ilimshika, na juu ya aibu hiyo akampenda. Alinyanyuka, akashika mgongo, akamkalisha Mama Nyberg kwenye kiti chake. Kisha akamgeukia Birgitta.

"Viti ni vya huyu bibi. Vikombe, kitambaa na pazia ni vya rafiki yangu wa Hjulsta, na kuku amenunua yeye. Nyuma ya pazia kuna tambara. Sikutaka kukudanganya. Wewe ni mgeni, basi nikaona aibu."

Birgitta akainuka, akafunua pazia, akaweka kiganja pale upepo ulipopenya.

"Na chako humu ni kipi?" akauliza taratibu.

"Mtoto. Sufuria." Gaudiosa akafikiri kidogo. "Na mgeni, akikubali."

Birgitta akaandika maneno machache. "Msaada utaendelea," alisema, "na dirisha hili nitalisemea." Kisha akatia kalamu mkobani, akavua koti, akaketi kitandani kando ya Leokadia. "Kazi yangu imekwisha. Sasa mimi ni mgeni tu."

Wakala. Mama Nyberg alishikilia viazi vyake vigawanywe kwa wote, na mifupa ya kuku akaifyonza bila haya. Birgitta aliongezwa wali, hakukataa.

Alipokwenda zake, Gaudiosa akasema, "Leokadia, mteremshie bibi viti vyake."

Mtoto akashika kiti, bibi akamzuia; mtoto akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, "Lakini *tant* hataki, mama."

"Viache huku," akasema Mama Nyberg. "Kule chini nakalia kimoja, kingine kinanitazama. Nitavifuata mwenyewe."

"Lini?"

"Kesho mchana. Kama si usumbufu."

Akashuka ngazi polepole, na sahani yake tupu. Gaudiosa akaanza kuosha vikombe vya Clementina, machozi yakimtoka, akayafuta kwa mkono wenye povu. Halafu akafungua debe la unga, akachungulia ndani. Kesho mgeni atakula nini?