Vioo Visivyo na Jina

Kuna moto usioomba kuni wala hauivishi chungu, na wa kwanza kuungua ni mwenye nao. Ros Tierney aliubeba kifuani tangu siku Kirra Vlahos alipoingia maabara yao pale Melbourne.

Kwa miaka mingi Ros alikuwa akitafuta dawa ya mafua makali. Si ya kuua virusi, la. Virusi vikishaingia, mwili wenyewe hutuma askari wengi mno mapafuni, wakawa kama wazima moto wanaobomoa nyumba ili wazime jiko. Kipo kimeng'enya kinachowapigia tarumbeta, na Ros alitengeneza dawa ya kukinyamazisha. Panya waliojaribiwa walipata nafuu kidogo tu, dawa ikawekwa kwenye friji, ikasahaulika. Ndipo akaja Kirra na dawa yake, binti wa juzi tu, na Graeme, mkuu wao, akawa haishi kumtaja. Hata keki ya chai ya saa nne, Kirra ndiye aliyekatiwa kwanza. Ros alikula kipande chake kama anayetafuna pamba.

Sasa desturi yao ni hii: aliyewapa panya dawa hasomi mapafu yao. Husoma mwingine, na vioo vya hadubini vyenye vipande vya mapafu huandikwa namba tu, bila jina la dawa, ili jicho lisipendelee. Safari hii Graeme alimpa kazi hiyo Ros, naye aliamini dawa ni moja tu, ya Kirra, na panya waliobaki walipewa maji ya chumvi.

Akainamia hadubini. Vioo vingi vilionyesha uvimbe, matundu ya hewa yamezibwa. Vichache vilikuwa safi, matundu wazi kama chujio jipya. Moyo ukamchoma. Hiyo ndiyo ya yule, akajiambia. Uvimbe hupewa alama, sifuri pasipo uvimbe, mpaka nne palipozidi. Vile safi akaviandikia nne.

Ijumaa Graeme akafungua siri ya namba mbele yao wote wawili. Makundi yalikuwa matatu, si mawili, na la tatu lilikuwa na alama nne tupu. Kirra alipoona, uso ukamshuka.

"Pole, Ros," akasema. "Nilikuficha kwa kuwa wewe ndiye msomaji. Niliitoa dawa yako kwenye friji, nikaongeza kipimo, nikawapa kundi la tatu. Yangu, kusema kweli, sikuitegemea. Niliitegemea yako."

Graeme alikuwa keshasema basi, imeshindwa mara ya pili, itupwe. Ros akaona njia zote mbili. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe, na dawa yake inakufa. Akisema, linalokufa ni jina lake.

"Msiitupe. Vile vioo nilivyoviandikia nne ni safi. Nilidhani ni vya Kirra."

Kirra alielewa mara moja.

"Kumbe nilipokuwa nakuletea kahawa pale kwenye hadubini, mwenzangu ulikuwa unanichinja?"

"Nilikuwa nakuchinja."

Graeme akaamua vioo visomwe na mtu wa jengo jingine, na Ros asiguse kioo cha mtu tena. Kirra akalibeba sanduku la vioo kwa mikono miwili, polepole, kama abebavyo mtu mayai ya jirani, na ndani yake mna ushahidi wa dawa isiyo yake. Ros akamtazama mpaka mlango ukafungwa. Wivu haukuzimika. Sasa hakuionea wivu keki wala sifa za Graeme. Aliuonea ule moyo wa Kirra.