Ganda Lisilo na Baruti

Watu wakisikia kwamba kila Jumamosi nasimama nyuma ya wazee wenye bastola na kuwapigia kelele, hudhani mimi ni mkali. Ni kweli, mimi ni mkali. Nimekuwa msimamizi wa usalama wa klabu yetu ya kulenga shabaha hapa Tolliver Creek, Idaho, kwa miaka kumi na tisa, na mtu pekee niliyewahi kumkimbiza hospitali ni mwenyekiti wetu, Rulon Beus, aliyeumwa na nyuki mdomoni akiwa katikati ya hotuba. Wengine wote wanarudi nyumbani na vidole vyao vyote. Wakinichukia njiani, hiyo ni shauri yao.

Jumamosi ile ya Septemba aliyekuwa mbele yangu ni Orval Haugen, mzee wa miaka sabini na tisa. Mke wake, Arlys, tulimzika mwezi wa Machi. Orval alikuwa anashindana na saa, sahani tano za chuma, kwa rivolva yake ya zamani. Sahani ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikaanguka. Ya tatu sikusikia mlio, nilisikia "puh", kama mtu aliyepuliza mshumaa.

Sauti hiyo huwa inanitoa jasho. Risasi ikiwa haina baruti ndani, ile fataki ndogo ya kitakoni inakuwa na nguvu ya kusukuma kichwa cha risasi mpaka katikati ya mtutu, lakini haina nguvu ya kukitoa nje. Kinakwama humo humo. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kukupasukia mkononi, tena karibu na macho. Sisi tunaiita skwibu. Na mtu anayekimbizana na saa, masikio yameshazibwa, anachoona ni sahani tu iliyogoma kuanguka, basi anavuta tena.

"Acha!" nilipiga kelele.

Kidole cha Orval kilikuwa kimeshaanza safari. Nilimrukia, nikalishika lile gurudumu la rivolva linalobeba risasi, nikalibana kwa kiganja changu chote. Lisipozunguka, kifyatulio hakivutiki. Ujanja huo nilifundishwa na Orval mwenyewe.

"Nadene, umerukwa na akili? Saa inakwenda!"

"Na mkono wako ungekwenda nayo! Toa kidole. Toa kidole, Orval, usinijaribu!"

Akatoa. Tukazitoa risasi zote, nikaingiza ufito wa shaba kwenye mdomo wa mtutu. Ulifika katikati, ukagota. 

Orval aliutazama ule ufito. "Hii ni yangu," akasema. "Nimeipakia mwenyewe."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Huku kwetu wengi hatupigi risasi za dukani. Tunaokota maganda yaliyotumika, tunayasafisha, tunaweka fataki mpya, baruti, na kichwa kipya. Orval amefanya kazi hiyo miaka arobaini, na nusu ya klabu alitufundisha yeye, kwenye gereji yake, kwa matusi madogo madogo na kahawa kali. Sheria yake ilikuwa moja: kichwa hakiwekwi kabla jicho halijaingia kwenye ganda. Kazi hiyo ya jicho ilikuwa ya Arlys. Orval anamimina baruti, Arlys anamulika ndani ya ganda kwa tochi ndogo, anasema, "Ipo." Ndipo Orval anakandamiza kichwa. Nimekaa nao majira mengi ya baridi, nikisikiliza ipo, ipo, ipo, mpaka usingizi unanichukua kwenye kiti.

Rulon alikuja akiwa ameshika kofia mkononi. Ni mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa mbaya kuliko karipio.

"Mzee wangu, kwa sasa usipige risasi zako, wala usimpe mtu. Jumamosi ijayo wanachama watakaa waamue."

"Waamue nini?" Orval akauliza.

Rulon akanitazama mimi. Nikatazama milima. Waamue kama akili za Orval Haugen bado zipo, hilo ndilo lililokuwa la kuamuliwa, na kama aruhusiwe tena kukaa kwenye ile meza ya gereji. Na mtu huyo alikuwa hana kitu kingine. Watoto hawakujaliwa. Kanisani anakwenda kwa sababu Arlys alikuwa anakwenda. Kila asubuhi anaamka, anakunywa kahawa, anaingia gerejini, na hapo ndipo siku yake inapata maana.

Nilimrudisha nyumbani kwa pikapu yangu. Tulipofika daraja la mto akasema, "Nadhani najua ilivyokuwa."

"Sema."

"Bado namsikia. Namimina, nasubiri kidogo, namsikia anasema 'ipo', nakandamiza kichwa." Alikuwa anatazama dirishani. "Labda nimekuwa namsikia tu, bila kuangalia. Miezi sita, Nadene. Labda zote hazijaangaliwa."

Nilitaka kumfariji na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Mtu huyu alikuwa amempa Rulon maboksi mawili mwezi wa Julai.

"Basi tutazifungua," nikasema. "Zote."

"Ni nyingi."

"Kwani una miadi wapi, wewe?"

Jumatatu asubuhi nilifika na mkate wa ndizi. Rulon alikuwa amerudisha maboksi yake, hata moja hajalifungua, akaniachia mimi. Kufungua risasi kuna nyundo yake, ya plastiki, ina uwazi ndani. Unaiingiza risasi humo, unagonga kwenye gogo, kichwa na baruti vinatoka. Kupima risasi nzima kwenye mizani hakusaidii, maana maganda yenyewe hayalingani uzito, na baruti yetu ni kidogo mno, inajificha kwenye tofauti hiyo. Ni kugonga tu, moja moja.

Tulianza na maboksi ya Orval, yale aliyopakia peke yake tangu Machi. Kila boksi lilikuwa na karatasi ya tarehe, kwa mwandiko wake unaofanana na uzio ulioanguka. Nagonga, namwaga kwenye bakuli, natazama. Baruti ipo. Nyingine, ipo. Tukamaliza boksi la kwanza, la pili, la tano. Nilianza kugonga taratibu. Hakuna ganda hata moja lililokuwa tupu. Nilichukua chache nikapima baruti yake, na kila moja ilikuwa kipimo kile kile alichoandika.

"Orval, hizi uliziangalia."

"Sikumbuki kuangalia."

"Uliziangalia. Tena pengine mara mbili. Hakuna mtu anayepatia hivi kwa bahati."

Akavuta kiti, akaketi. Nilimwona usoni jinsi alivyokuwa anaogopa kufurahi. "Sasa ile ya Jumamosi ilitoka wapi?"

"Ulikuwa na risasi gani kwenye mfuko?"

"Nilichanganya. Nilimimina kutoka..." Macho yake yalikwenda kwenye rafu ya juu, kwenye maboksi manane yenye mwandiko mwingine, herufi za mviringo, za mwalimu wa darasa la pili. Maboksi ya Arlys. Mwaka huo, Januari na Februari.

"Zile hakuna haja ya kuzifungua," Orval akasema.

"Ipo haja."

"Zile aliziangalia Arlys."

"Orval."

"Nimekwambia aliziangalia Arlys! Nilikuwa nimekaa hapa, yeye amekaa hapo ulipo wewe. Nilimsikia kwa masikio haya. Zimebaki hizo tu, Nadene. Hizo ndizo tulizofanya wawili. Nilikuwa natumia kidogo kidogo."

Nakiri kwamba roho iliniuma. Mimi mwenyewe nina jaketi la marehemu mume wangu ambalo halijafuliwa. Lakini jaketi haliwezi kumtoa mtu jicho. Nikapanda ngazi, nikayateremsha, na yeye hakunizuia. Alichukua nyundo mkononi mwangu.

"Nitagonga mimi," akasema.

Boksi la Januari la kwanza lilikuwa sawa. La pili, ganda la kumi na kitu, kichwa kilitoka, zikafuata chembe mbili tatu, basi. Orval akaligeuza ganda, akaligonga kwenye meza. Tupu. Akaliweka pembeni, akaendelea. Mpaka tunafika mwisho wa Februari, maganda matupu yalikuwa manne. Na moja lilikuwa na baruti mara mbili. Hilo lingeifumua rivolva kwa mpigo mmoja, bila kutoa onyo lolote.

Kahawa ilikuwa imepoa.

"Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kipindi kile," Orval akasema. "Kwa wasiwasi wa ugonjwa wake. Nilijua naweza kuruka ganda, au kumimina mara mbili. Sikujali, kwa sababu yeye yupo anaangalia." Alisugua uso kwa viganja. "Krismasi aliniambia nimsomee kadi. Akasema sauti yangu inampendeza."

Nami nikakumbuka kanisani, Arlys alivyoacha kufungua kitabu cha nyimbo na kuimba kwa kichwa. Nilimsifia kwa kumbukumbu yake. Akacheka, akanibana mkono.

"Na kufuma sweta je?" nikauliza.

"Alifuma mpaka mwisho."

"Kufuma hakuhitaji macho, Orval. Wala kuandika tarehe, kwa mkono uliozoea."

Alichukua tochi ndogo ya Arlys kutoka mezani, akaiwasha, akamulika ndani ya ganda moja kati ya yale matupu. Akalichungulia, kisha akaizima tochi.

"Alikuwa haoni," akasema. "Alikuwa ananimulikia tu."

Nilisikia hasira, siwezi kuficha. Nilimkasirikia marehemu. Angesema! Angesema neno moja, ningekuja kukaa mimi kwenye kile kiti, ningewatolea macho mpaka yaume. Lakini angesema, asingekuwa na sababu ya kukaa hapo jioni hizo zote za mwisho, na Orval angekuwa gerejini peke yake na yeye kitandani peke yake. Nililijua hilo hata nikiwa nimekasirika, na machozi yakaanza kunitoka, nikasingizia vumbi la baruti.

Orval hakulia. Alikuwa anafikiri.

"Jumamosi usiseme," akasema.

"Nisiseme nini? Hii ndiyo inayokuokoa! Risasi zako ni safi. Nitawaambia, watakurudishia kila kitu, Rulon atakuomba radhi kwa magoti."

"Halafu watasema Arlys alikaribia kuniua."

"Watasema alikuwa mgonjwa!"

"Watasema kila wakipakia risasi, Nadene. Unawajua. Hata sisi tunawasema watu hivyo hivyo, mimi na wewe. 'Angalia vizuri, usiwe kama Arlys.' Watawafundisha hivyo wanachama wapya." Akaanza kuyafuta maboksi yale manane, moja moja, kwa kitambaa. "Mimi nina miaka sabini na tisa. Mzee akisahau hakuna anayeshangaa. Waambie nimesahau."

Nilibishana naye mpaka mchana. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinikatia kipande cha mkate wa ndizi, akanikabidhi kwenye karatasi, akanifungulia mlango wa gari.

Jumamosi wanachama walikusanyika chini ya paa la bati, kama thelathini hivi. Mimi nilikuwa na daftari la matukio, maana msimamizi wa usalama ndiye anayeandika. Orval akasimama, akavua kofia. Alisema risasi ile aliipakia yeye, hakuangalia ndani ya ganda, siku hizi akili inampotea, na kwamba mashine zake zote anaipa klabu, na risasi zote zilizobaki tumeshazifungua. Alisema kwa sauti kavu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Wengine walitazama viatu vyao.

Rulon alimkumbatia, yule mtu mpole, na macho yake yalikuwa mekundu. "Tunakuelewa, mzee wangu," akasema, na watu wakaitikia kwa vichwa. "Sote tunajua. Arlys angekuwa hai, jambo hili lisingetokea."

Kalamu yangu ilisimama. Nilinyanyua uso, nikamtazama Orval.

"Kweli kabisa, mwenyekiti," akasema. "Yule alikuwa na macho."