Mkanda wa Chuma wa Mwalimu Leonsi

Mkono wa kulia wa Mwalimu Leonsi ulikuwa haujui kukaa. Ukining'inia tu, kidole gumba na cha shahada vilianza kusagana kama mtu anayepukuchua mahindi, na kuku wa kijiji kizima, huko njia ya Mwazye, walimfuata wakidhani anamwaga ulezi. Jumapili moja jogoo wa jirani aliingia naye kanisani, akakaa mpaka baraka ya mwisho. Daktari mjini Sumbawanga aliuita ugonjwa ule Parkinson, akasema vidonge vyake havijafika.

Hayo Leonsi angeyavumilia. Kilichomtoa pumzi ni barua: Ndugu Isakwisa, mkaguzi wa elimu ya watu wazima, angekuja Alhamisi kuona kama mzee anayetetemeka anafaa kubaki na darasa. Darasa lenyewe lilikuwa watu ishirini na sita ndani ya ghala la kijiji, bila kitabu hata kimoja, maana vitabu vilikwama njiani tangu masika. Alichoandika Leonsi ubaoni ndicho walichonakili.

Jumatatu akaenda kwa Alfonsi mhunzi. Akakaa, akasimama, akazunguka mifuo ya kupulizia moto, akakaa tena.

"Mzee, tulia basi, unanichosha."

"Nitengenezee kitu cha kuushika huu mkono."

"Nikupigilie msumari?"

"Alfonsi, mkaguzi anakuja Alhamisi, zimebaki siku tatu tu!"

Alfonsi akakatakata jembe lililokwisha, vipande akavishonea ndani ya mkanda wa ngozi, akamfunga juu kidogo ya kiganja. Mkanda wa kwanza ulikuwa mzito mno, Leonsi akatembea kiupande njia nzima. Wa pili mkono uliupeperusha kama kitambaa. Wa tatu wakapatana. Alipewa kikombe cha togwa kilichojaa pomoni, akakifikisha mdomoni bila kumwaga tone.

Alhamisi Isakwisa akashuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Leonsi akajibu, mkanda umeshafungwa, chaki mkononi. Akaandika ULEZI. Herufi zilisimama wima kama askari. Yeye mwenyewe alizishangaa.

"Nani atusomee?" Isakwisa akauliza.

Watu wakatazamana.

"Mama Silvana," akabembeleza, "hili si tulilisoma juzi tu?"

Silvana, bibi wa wajukuu tisa, akakunja uso. "Mwalimu, hiyo ya leo ni lugha gani?"

Leonsi akaufungua mkanda kwa meno, akaandika neno lilelile. Mkono ukacheza utakavyo, kila herufi ikatoka na mawimbi.

"ULEZI!" ghala zima likapaza sauti.

Isakwisa akapita akikagua vibao vyao. Ishirini na sita, wote wameandika herufi zenye mawimbi yaleyale, na mikono yao ni mizima.

"Mzee Leonsi," akasema polepole, "mtihani wa wilaya umepigwa chapa. Herufi zake zimenyooka."

"Kwa hiyo mwaka mzima," Silvana akauliza, "tumesoma ugonjwa wako?"

"Ndiyo, mama." Leonsi akajibu.

Isakwisa akapapasa mfuko wa shati. "Zimebaki wiki sita kabla ya mtihani. Niliandaa barua ya kuleta mwalimu mwingine."

"Huyo mwingine atatukuta hatujui kitu, atuite wajinga," Silvana akasema. "Huyu anajua tulipopotelea. Tuachie huyuhuyu, mwanangu, na chuma chake."

Isakwisa akawatazama wale watu, akautazama ubao. Barua haikutoka mfukoni. "Wiki sita. Na huo mkanda usiuvue."

Leonsi hakungoja hata baiskeli iondoke. Akajifunga mkanda, akafuta ubao wote, akaandika herufi moja.

"A. Hii ndiyo yenyewe. Ile nyingine ilikuwa mimi."

Silvana akafuta kibao chake, akaanza kunakili upya, huku akinung'unika kwamba hii A mpya imekaa kikavu kama mtu aliyenyimwa chakula.