Siku Tatu Kivulini

Kikao kiliitishwa asubuhi katika banda la mizani, sakafu ikiwa bado inateleza kwa magamba ya samaki. Jambo lilikuwa moja: fundi wa mitumbwi afukuzwe mwaloni, hapo wavuvi wanaposhushia samaki. Mtumbwi uliopita mikononi mwake ulijaa maji juzi katikati ya ziwa, na mwenye mtumbwi, mama mvuvi, akaokolewa ameng'ang'ania dumu tupu. Mtumbwi ulivutwa hadi ufukweni. Nyavu zote zilipotea.

Mama huyo alikuwa dada yake Kipaza.

Na Kipaza, nani asiyemjua? Jina alipewa kwa ajili ya mdomo. Miaka kumi na tisa amesimama katika banda hilohilo akiwapasha wakubwa wa ofisi ya uvuvi: mwaka gani walileta injini mbovu, nani alizipokea, siku hiyo alivaa shati gani. Hasahau, hasamehe. Leo watu walimpisha hadi mbele.

"Kaka, waambie," dada yake alisema. Alikuwa amevaa sweta la Kipaza, lile alilomvisha juzi ufukweni watu wakamsifu.

Kipaza alisimama. Akakohoa. Akaketi.

"Leo betri imekufa?" mchuuzi mmoja alitania, banda likacheka.

Betri ilikuwa nzima. Wiki mbili nyuma, fundi aliupindua mtumbwi ule, akakwangua lami kuukuu yote, akakuta mbao bado zina maji. "Siku tatu kivulini," alimwambia Kipaza, aliyeahidi kumsimamia dada yake kazi hiyo. "Usiuweke juani, utapasuka. Bonyeza kwa kucha. Pasipotoka unyevu, ndipo tunashindilia pamba kwenye nyufa, kisha lami ya moto. Ukiharakisha, lami haishiki mbao, itabanduka kama ngozi ya kidonda." Kisha fundi akaenda msibani kwa wakwe zake.

Kesho yake Kipaza alikuwa na mkutano ng'ambo ya ziwa, wa kuhutubia juu ya uzembe wa wakubwa. Hakungoja. Akashindilia pamba mwenyewe, akamwaga lami, akapaka rangi ya buluu juu. Ukapendeza! Akamwambia dada yake, "Fundi amemaliza."

"Sikuuziba mimi," fundi alikuwa akisema sasa. "Niliukwangua tu. Niliporudi sikuukuta, nikajua umepelekwa kwa fundi mwingine."

"Basi umezibwa na jini," alisema karani wa ofisi ya uvuvi, yule ambaye Kipaza alizoea kumkoromea. Watu wakacheka tena. Fundi akainama, akaanza kukusanya vifaa vyake: nyundo, patasi, kikwangulio. Kipaza alivitazama vikiingia mfukoni kimoja kimoja, na kila kimoja alikiacha kipite. Fundi alishafika mlangoni.

"Ni mimi," Kipaza alisema.

"Sema kwa nguvu, mzee!" watu wa nyuma walipiga kelele. "Hatusikii!"

Miaka kumi na tisa hajawahi kuambiwa hivyo.

"Nimesema ni mimi! Niliuziba ukiwa na maji. Dada nikamdanganya."

Karani hakucheka. Aliweka kalamu chini polepole, na hilo lilimuuma Kipaza kuliko kicheko.

"Ungesema jana," fundi alisema. "Jana mke wangu alifunga vyombo akilia." Akamtupia kikwangulio miguuni. "Unajua kazi. Nenda kafanye."

Dada yake alivua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mizani, akatoka na kikohozi alichotoka nacho majini.

Kipaza aliupindua mtumbwi kando ya njia ya kwenda kwenye mizani, penye kivuli cha banda, akakwangua buluu yake yote. Kisha akakaa hapo siku tatu, kila mvuvi akimpita na samaki wake. Wengine walimsalimu. Ingekuwa afadhali wasingemsalimu.

Siku ya tatu dada yake alikuja. Aliinama, akabonyeza mbao kwa kucha yake mwenyewe, akaitazama kucha.

"Bado," alisema, akaenda zake.

Kipaza akaketi tena.