Hesabu ya Mlango

Meneja wetu, ambaye wafanyakazi tulimbandika jina la Bwana Haraka, alinikuta nimepiga magoti mbele ya mashine ya kugonga mifuniko ya sufuria.

"Fundi, futa programu yote, pakia upya. Nataka iwake kabla ya chai."

"Sifuti," nikasema.

"Umesemaje?"

"Umenisikia vizuri tu."

Mimi nina mdomo, najua. Mama alinisema weee mpaka akachoka. Lakini siku ile sikuwa na maringo. Nikiwa likizo, mashine ile ilimponda wifi yangu, mke wa kaka yangu wa tumbo moja, mkono wa kulia. Tangu hapo Bwana Haraka anahangaika na karatasi ya kumsainisha, eti mlango wa mashine ulikuwa umefungwa na yeye akapenyeza mkono kwa nyuma, kwa uzembe wake. Wifi huyu ninayemjua mimi, anayekagua jiko mara mbili kabla hajalala! Mwanzoni aliapa kwamba mlango alikuwa ameufungua. Jana nilipokwenda kumwona alikuwa amebadilika.

"Labda nilipitiwa, wifi," akaniambia. "Labda akili yangu haiko sawa."

Mkono umeshapondwa, sasa wanataka na akili yake.

Mashine yenyewe ni hivi. Ina mlango wa chuma wenye sensa, kidude kinachohisi kama umefungwa au uko wazi. Unafungua, unaweka bati, unafunga, unakanyaga pedali, inagonga, unafungua tena kutoa mfuniko. Mlango ukiwa wazi haitakiwi kugonga hata ukiibembeleza. Anayeamuru yote hayo ni PLC, kiboksi kilichomo ndani ya paneli, na kiboksi hicho kina kumbukumbu isiyopotea hata umeme ukikatika. Humo zinakaa hesabu mbili: mashine imegonga mara ngapi, na mlango umefunguliwa mara ngapi. Ukipakia programu upya, zote zinarudi sifuri. Bwana Haraka alilijua hilo kama ninavyolijua mimi.

"Nasoma kwanza," nikasema.

"Ukisoma, kazi huna."

"Haya, sina. Na mtu asiye na kazi humpangii la kufanya."

Kaka alikuwa amesimama pembeni. Yeye ndiye msimamizi wa zamu. "Mdogo wangu, achana nayo," akasema kwa sauti ya chini. "Pakia tu, yaishe."

"Yaishe? Mkono wa mkeo umeshapona?"

Akainamisha kichwa. Nikadhani anaogopa kufukuzwa, na kusema kweli nilimdharau.

Nikaiacha mota imezimwa, nikaiwashia umeme PLC peke yake, nikachomeka kebo kwenye laptopu. Wafanyakazi waliokuwa wanajifanya kufagia wakasogea na mafagio yao. Bwana Haraka akanyoosha mkono kuichomoa ile kebo, nikamkazia macho, akaurudisha mfukoni. Hesabu zikatokea kwenye kioo. Nikazisoma kwa sauti, asije mtu akasema sikusema. Ya kugonga ilikuwa imeiacha ya mlango kwa maelfu.

"Jamani, kila mfuniko mmoja lazima mlango ufunguliwe," nikasema. "Sasa hayo maelfu ya mabati yaliingilia wapi? Dirishani?"

Mtu akacheka nyuma yangu.

"Kihesabu kibovu hicho," Bwana Haraka akasema. "Ndiyo maana nasema kifutwe."

"Kaka, fungua mlango."

Alisita. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akafungua, na namba ya mlango ikapanda moja. Nikamwambia afunge, afungue tena. Ikapanda nyingine.

"Kizima kabisa," nikasema. "Kwa hiyo mtu aliidanganya hii PLC. Aliunga waya kwenye nyaya za sensa, ikawa inaona mlango umefungwa muda wote, hata ukiwa wazi, na haikuhesabu tena. Wifi alifungua mlango kama kawaida, akaingiza mkono, mguu ukagusa pedali, mashine ikagonga. Halafu mtu akautoa waya wake, akajifanya hajui kitu." Nikamgeukia Bwana Haraka. "Nani? Sema!"

Aliyesema ni kaka.

"Mimi."

Nilimtazama kama simjui.

"Sensa ilikuwa inasumbua, mashine inazimika kila saa, na spea haijafika," akasema. "Bosi akasema unga waya, kazi isisimame. Nikaunga. Nikautoa wakati wanambeba."

Nilitaka kumzaba kofi mbele ya zamu nzima. Nilitaka pia kulia, maana huyu ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi. Sikufanya hata moja.

"Hayo mambo ya familia mkayamalizie kwenu," Bwana Haraka akadakia. "Futa!"

"Sifuti. Nakala ninayo tayari, na zamu nzima imesikia. Nifukuze basi, unangoja nini?"

Hakuna aliyerudi kwenye fagio lake. Nikampigia wifi simu, nikaiweka spika, nikamweleza habari ya hesabu zile mbili na ya waya. Habari ya kaka sikuigusa. Hilo halikuwa langu kulisema.

"Kwa hiyo si mimi," wifi akasema.

"Si wewe, wifi."

"Mlango nilifungua."

"Ulifungua."

Kisha akauliza nani aliunga huo waya. Nikamtazama kaka. Akasogea karibu na simu, akasema mwenyewe, bila kumtaja bosi wala sensa.

Sauti ya wifi ilipotoka tena ilikuwa tulivu.

"Wiki nzima unanilisha kwa kijiko," akasema, "na kila nikimeza, unaniambia nisaini."