Wali wa Wahispania kule Osaka

Watu wa Mbamba Bay wakimuuliza Lidia alikula nini Japani, huwajibu kwamba alikula vyakula vya Ulaya, nao humcheka mpaka wanashika mbavu. Mtu avuke bahari zote hizo mpaka Osaka, halafu akale kwa Waitaliano? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na aliyesababisha ni Masoudi.

Masoudi ni mwana wa Mzee Adinani, mwenye duka la vipuri Mbinga mjini. Alikuwa Osaka akijifunza biashara ya magari yaliyotumika. Lidia, Mmatengo wa Mkumbi na afisa uvuvi, alipelekwa huko na serikali mwaka mmoja kusomea mambo ya samaki. Nyumbani walijuana kwa sura tu, mmoja nyuma ya kaunta, mwingine mbele yake. Kule Osaka, Lidia alipomsikia mtu anagomba kwa Kiswahili kwenye simu katikati ya kituo cha treni, alimkimbilia kama aliyemwona ndugu yake wa tumbo moja.

Basi, Masoudi samaki mbichi hakutaka hata kumwona, na supu za Kijapani alizishuku kuwa na nguruwe. Kwa hiyo kila walipopata nafasi walikwenda kwenye migahawa ya Wazungu, ambayo katika mji ule imejaa tele, na ndani yake hakuna Mzungu hata wa dawa. Mpishi Mjapani, mhudumu Mjapani, walaji Wajapani. Dirishani wamepanga vyakula vya plastiki vinavyong'aa, na siku ya kwanza Lidia aliwahurumia kwa kuacha tambi zipigwe na vumbi. Kwa Wafaransa waliketi kwenye kitambaa cheupe wakinong'ona kama wako kwenye maungamo. Walipotoka bado wana njaa, wakacheka njia nzima.

Kwa Wahispania ndiko walikofika nyumbani. Waliletewa kwanza taulo za moto za kujifutia mikono. Mtu akishanawishwa, atakula kwa nini kama si kwa mkono? Kisha likaja karai pana la chuma, wali wa manjano, kamba na chaza juu yake, likatuliwa katikati. "Pilau!" Masoudi alipiga kelele, na mgahawa mzima ukageuka. Visahani viwili vya kupakulia alivisogeza pembeni, wakachota kwa vidole humo humo karaini. Mhudumu alisimama, akatazama, akainama kwa adabu, akarudi na taulo nyingine. Masoudi alikuwa akichambua kamba, akiwasukuma upande wa Lidia.

"Kula, dada Lidia. Umekonda."

Hapo ndipo moyo wa Lidia ulipokwenda, na haukurudi tena. Kwao Mkumbi bibi yake, Kunigunda, aliwalea wajukuu kwa sheria moja: mwanamke hachovyi sahani moja na mwanamume mpaka wawe wameitana mume na mke. "Sahani moja ni ndoa ambayo padri bado hajaifikia," alikuwa akisema bibi. Walirudi kwa Wahispania mara nyingi, wala kile kisahani cha pembeni Lidia hakukigusa hata siku moja. Kila tonge lilikuwa jibu lake kwa swali aliloamini limeshaulizwa. Neno "dada" alilichukulia kuwa ni aibu ya mwanamume mwenye heshima.

Mwaka wake ulipokwisha alirudi kazini Mbamba Bay, ziwani, akamwacha Masoudi kule. Alimtamani mchana kweupe, mbele ya watu. Akiwa mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, anapima nyavu za wavuvi, harufu ya wale kamba wa Osaka ilikuwa ikimpitia puani pasipo na kamba yeyote, akasimama na futi mkononi, amesahau alichokuwa anapima. Mwalimu Meshack wa Liuli alipomposa, alimkataa. Bibi Kunigunda akauliza kuna nini.

"Nina mtu, bibi."

"Mtu gani haji kwa wazee?"

"Yuko mbali. Atakuja."

Hakuthubutu kusema ni Mwislamu. Vita hiyo alikuwa tayari kuipigana, ila alimtaka Masoudi awe ubavuni kwanza. Kisha zikaja habari kwamba Masoudi ameonekana dukani, amesharudi muda tu. Lidia alingoja aje. Masoudi hakuja. Mficha uchi hazai, alijiambia, akavaa gauni lake la bluu, akapanda basi la Mbinga.

Alifika adhuhuri. Nyuma ya duka, sinia la pilau lilikuwa limetuliwa mkekani, na Mzee Adinani ananawishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu! Mama mkwe wako anakupenda!"

Maneno hayo huambiwa kila anayekuta chakula, na Lidia aliyajua tangu utoto. Hata hivyo damu ilimwenda mbio. Masoudi aliruka kutoka mkekani, uso wote furaha.

"Dada Lidia! Njoo, kaa hapa!"

Lidia alikuwa anavua viatu alipoingia utingo wa lori la Kitai, mafuta mpaka viwikoni. "Mama mkwe wako anakupenda!" mzee alimwambia. Masoudi akajisogeza, akampa nafasi. Akaingia mama muuza mihogo, beseni kichwani. Naye akatuliwa beseni, akanawishwa, akaketishwa ubavuni kwa Masoudi. Mikono ikaingia siniani. Masoudi alichambua mnofu, akamsukumia utingo, akachambua mwingine, akamsukumia yule mama. "Kula, dada. Umekonda," alimwambia.

Lidia alisimama na kiatu kimoja mguuni.

"Masoudi, naomba neno." Walitoka mpaka penye matairi, kiatu cha pili Lidia amekishika mkononi. "Kule Osaka, kwa nini tulikuwa tunakula sahani moja?"

Masoudi alishangaa. "Si ndivyo tunavyokula? Kwetu mgeni haachwi ale peke yake. Nami nilikuona mpweke, dada, mbali na kwenu. Kwani wewe ulidhani nini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka.

"Nilidhani umenioa."

Masoudi hakucheka. Angecheka, Lidia angepata pa kumchukia. Alimtazama, mkono wake wa kulia bado una wali, na taratibu uso wake ukaelewa yote, jioni zote zile, moja baada ya nyingine. Akafungua mdomo aseme "dada", akalimeza neno.

"Nisamehe," alisema.

"Hujanikosea kitu. Rudi ukale, wanakungoja."

Huko ndani mzee alikuwa akiita kwamba pilau linapoa, mgeni naye aje. Lidia aliitikia kwa sauti nzuri kwamba ameshiba, mzee, Mungu akubariki, akavaa kiatu cha pili, akaenda stendi.

Jioni, Mbamba Bay, alichemsha usipa, dagaa wa ziwani, akasonga ugali wa mtu mmoja. Machozi yalimjia kwenye tonge la pili. Aliendelea kula hivyo hivyo, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, na njaa ilikuwa inamuuma kweli.