Tausi Juu ya Tangi la Zarwali

Zarwali alikuwa na vitu viwili alivyovipenda kupita kiasi: masharubu yake na lori lake kuukuu la dizeli. Masharubu aliyapaka mafuta kila asubuhi. Lori alilipaka rangi kila mwaka, maua mbavuni, milima milangoni, minyororo ya kulialia chini ya bampa, mpaka watu wa Peshawar wakawa wanasema lile si lori, ni bibi harusi mwenye magurudumu.

Mwaka huo alikuwa anamwoza binti yake Zartasha kule Kohat, ng'ambo ya mlima. Vyombo vya bibi harusi hutangulia, mwenyewe hufuata kesho yake, na wanawake wa upande wa bwana huja kuvikagua baada ya sala ya adhuhuri, kitanda kwa kitanda, mto kwa mto. Vikichelewa, Zartasha atasimangwa mpaka apate wajukuu.

Shemeji yake, Jandad, alikuwa na lori jipya. "Chukua langu, Lala," alimwambia mbele ya wanaume wenzao, kwa lile jina ambalo kwao huitiwa kaka mkubwa. "Hilo lako liende harusini kama mgeni mwalikwa, lisibebeshwe kitu."

Wanaume wakacheka. Zarwali angeweza kusema ahsante na kuendelea na chai yake, lakini mkono ulishafika kwenye masharubu. "Adhuhuri ikinikuta sijafika Kohat, Jandad, uyanyoe haya kwa mkono wako. Uje na mkasi."

Basi akarudi nyumbani kulipamba lori zaidi, maana kila mahali palishajaa maua isipokuwa kifuniko cha tangi la dizeli. Akakata tausi wa bati, akambandika juu ya kifuniko kwa gundi nzito, akampiga rangi mara tatu. Alimwangalia yule tausi jinsi mtu anavyoangalia mtoto wake aliyefaulu mtihani.

Siku ya safari alijaza dizeli mpaka shingoni, kabati, vitanda sita na cherehani vikapakiwa, na mama mkwe wake, Bibi Bakhtpari, akapanda mbele bila kukaribishwa. Mito na magodoro alikuwa ameyashona mwenyewe, hakuwa tayari kuyaacha yasafiri na mwanamume peke yake. Kapuni alibeba mikate, mayai, jiko dogo na debe jipya la mafuta ya kupikia.

"Kitendawili!" alisema hata kabla mji haujaisha.

"Tega, Mama," Zarwali akajibu kwa adabu, huku anaomba njia iwe fupi.

"Anakunywa kama ngamia, anakohoa kama babu, na nyumba nzima kaibeba mgongoni."

"Lori langu hilo. Lakini halikohoi."

Likakohoa. Likatoa moshi mweupe, likapoteza nguvu, likasimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Zarwali akashuka. Wa kwanza kushukiwa alikuwa Jandad na kijicho chake, hivyo akafunga kiatu kikuukuu kwenye bampa kuzuia husuda. Akalegeza boliti ya filta, akapiga pampu ya mkono, akatoa upepo. Kufikia hapo lori lilikuwa limepumzika kitambo, injini ikawaka, akakisifu kiatu. Baada ya mwendo mfupi likazima tena. Wa pili akawa muuza dizeli: bila shaka ametia maji. Akamlaani yeye na baba yake. Likawaka, likaenda, likazima.

Mara ya tatu walikuwa chini ya mlima kabisa, mbele ya karakana ya Meherdil, fundi mwembamba mwenye ugoro shavuni. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimebaki kifupi. Bibi Bakhtpari akashuka, akatandika shuka chini, akawasha jiko lake.

"Presha ya dizeli imekufa," Zarwali alimweleza fundi, maana yeye huwa anajua ugonjwa kabla ya daktari. "Niongezee washa, vile vibati vya duara, chini ya springi ya valvu, ikaze, presha ipande."

"Tupime kwanza, Kaka." Meherdil akafunga geji karibu na filta, akawasha. Mshale ukapanda mpaka ishirini ukatulia. "Mbona mzima?"

"Mzima akiwa amelala! Mkimbize!"

Fundi akakanyaga mafuta, injini ikanguruma kitambo kizuri. Mshale ukaanza kushuka, kumi na tano, kumi, nne, kama mzee anayeshuka ngazi.

"Hapa pampu inanyonya kwa shida," akasema Meherdil. "Dizeli haiji. Tuanzie kwenye tangi."

"Tangi lisiguswe! Rangi haijakauka vizuri."

"Kaka, mimi natibu gari au ua?"

"Weka washa nilizokwambia."

Fundi akatema ugoro pembeni, akafungua valvu, akaweka kibati kimoja chini ya springi. Wakajaribu, presha ikapanda, ikashuka. Akaweka cha pili. Ikashuka. Zarwali mwenyewe akamshika mkono aweke cha tatu.

"Springi imeshakuwa kama jiwe," fundi akanung'unika. "Tukiendelea utapasua mpira wa dizeli, halafu useme Meherdil kakuharibia."

"Zarwali, mwanangu," Bibi Bakhtpari akaita, "niletee msumari."

"Mama, hapa masharubu yanaondoka, wewe unataka msumari!"

"Masharubu yataota tena, mayai haya hayajikaangi. Kitendawili!"

Fundi ndiye aliyejibu, kwa kuwa alikuwa amechoka kugombana. "Tega, Bibi."

"Nina shangazi mnene mwenye mdomo mmoja. Ukimwinamisha anakwikwika tu, matone mawili, matatu. Mtoboe tundu la pili, anamwaga bila kuulizwa."

Walimwangalia. Alikuwa ameinamisha debe lake jipya, alilokwisha kulitoboa tundu moja, na mafuta yalikuwa yanatoka kwik, kwik, kwik.

"Debe," akasema Bibi mwenyewe, hana muda wa kungoja. "Tundu moja la kumwagia, moja la kupumulia. Mtu mzima hujui hilo? Leta msumari."

Zarwali alikuwa na msumari mkononi, lakini miguu haikwenda jikoni. Kichwani mwake lilimjia tundu jingine, dogo kama jicho la sisimizi, lililokuwa katikati ya kifuniko cha tangi tangu lori linunuliwe. Alilijua. Aliwahi kuwafundisha madereva wengine juu yake, kidole juu. Na juu ya tundu hilo sasa alisimama tausi, gundi nzito, rangi mara tatu.

Akazungusha kifuniko taratibu. Fyuuuuu! Tangi likavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Meherdil akachukua kitambaa, akaanza kuifuta geji yake. Hilo lilimuuma Zarwali kuliko tusi.

"Nilimziba pua," akasema kwa sauti ndogo. "Kisha nikamfokea kwa kushindwa kukimbia. Fundi, punda huwa unatibu?"

"Wa magurudumu tu, Kaka. Wa miguu miwili nawaachia Mungu."

Zarwali akampiga msumari tausi tumboni kwa mkono wake mwenyewe, akahakikisha umetokea upande wa pili. Injini ikawashwa; mshale ukaruka mpaka thelathini na tano, mpira wa dizeli ukavimba.

"Haya, zitoe washa zako," akasema fundi.

"Si zangu."

"Za nani?"

"Haya, zangu."

Zikatoka moja, mbili, tatu, kila moja ikidondoka kwenye sahani kwa mlio alioustahili Zarwali. Mshale ukakaa kwenye ishirini na hapo ukabaki, injini ingurume itakavyo. Wakala yai likiwa nusu bichi, wakaupanda mlima bila kikohozi.

Waliingia Kohat mwadhini akiwa ndiyo kwanza anakohoa kutengeneza sauti. Vitanda vikashushwa, magodoro yakatandikwa, na wanawake walipokuja wakakuta kila kitu mahali pake. Jandad alikuwa mlangoni, mkasi mfukoni.

"Lala, umeniweza," akasema. "Lori la chuma kweli hilo!"

Wanaume wakaanza kulisifu. Zarwali akatunisha kifua, akayasokota masharubu, na alikuwa karibu kabisa kukubali sifa zote.

"Kitendawili!" sauti ya Bibi Bakhtpari ikatoka upande wa pili wa pazia, walikokaa wanawake.

"Tega!" wakaitika wote.

"Bwana mzima kamziba pua mnyama wake kwa tausi, kisha kampeleka kwa mganga."

Wanaume wakatazamana, wakakuna vichwa, wakataja majina ya watu wa vijiji vya mbali.

"Msihangaike," akasema Zarwali. "Bwana huyo ni mimi." Akawasimulia yote, kiatu, muuza dizeli, washa tatu, mpaka Jandad akalia machozi ya kicheko. Alipomaliza akanyoosha mkono, akauomba mkasi, akakata ncha ya sharubu la kushoto.

"Mbona unayakata na ulifika mapema, Lala?" akauliza Jandad.

"Lori ndilo lililofika mapema," akasema. "Mimi ndiyo kwanza nawasili."